Saa ya kurudi nyumbani: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili: mara ya kwanza mbiombio, kama mama anayetafuta kwanza iwapo kuna mgonjwa, na mara ya pili kwa utulivu, miwani ikiwa machoni. Umenieleza kwamba mkataba wenu wa nyumba hapo Tabata unakwisha mwezi wa sita, kwamba mwenye nyumba amepandisha kodi, kwamba watoto watatu hawana pa kuchezea isipokuwa kibarazani, na kwamba wewe na mwenzako mmeamua kuhamia mji mdogo nje ya jiji la Dar es Salaam huku mkiendelea na kazi zenu mjini. Dalali amewaonyesha kiwanja cha bei nafuu Mlandizi, mwenzako anaitamani Bagamoyo kwa ajili ya bahari, na rafiki yako anaisifia Kisarawe kwa hewa yake. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe uliyeishi Kibaha na kufanya kazi Posta miaka yote ile, tuhamie wapi?"

Nilifanya safari ile kwa miaka 24, kwa hiyo naweza kukujibu bila kubahatisha. Nataka tu ujue tangu mwanzo kwamba jibu langu halitakuleta karibu na mlango wangu, ingawa moyo wangu ungependa iwe hivyo.

Mimi na marehemu baba yako tulipohamia huku tulijiona watu wenye hesabu nzuri. Kibaha ilikuwa na vitu ambavyo miji mingine ya ukubwa wake haikuwa navyo, kwa sababu Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, lilikuwa limeacha shule, hospitali ya Tumbi na miti ya kivuli. Tulihesabu shule, tukahesabu hospitali, tukahesabu bei ya tofali na umbali wa nguzo ya umeme. Hatukuhesabu saa.

Niliondoka nyumbani saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, nikiwa nimevaa kandambili, na viatu vya ofisini vikiwa ndani ya mfuko wa rambo, kwa kuwa njia ya kwenda kituoni ilikuwa ya tope wakati wa mvua na ya vumbi wakati wa kiangazi. Nilirudi saa mbili usiku siku njema, na saa tatu na nusu siku ambayo lori lilikuwa limepinduka Kibamba. Niliwaacha mmelala na nikawakuta mmelala. Jumamosi moja, ukiwa na miaka minne, uliamka ukanikuta nimekaa sebuleni, ukaenda kabatini, ukatoa kile kikombe chenye maua tulichowawekea wageni, ukampelekea bibi yako anitilie chai. Kisha ukamuuliza, mimi nikiwa nasikia, "Mama anaondoka saa ngapi?" Bibi yako alicheka, nami nikacheka pamoja naye, halafu nikaingia chumbani nikajifanya natafuta kanga.

Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kutaja mji wowote, mkae wewe na mwenzako mezani mwandike saa ambayo kila mmoja atakuwa ameingia mlangoni jioni. Msiandike muda wa gari peke yake. Andikeni dakika za kutoka nyumbani hadi kituoni kwa miguu au kwa bodaboda, dakika za kusubiri gari lenye nafasi, dakika za njiani, za kubadilisha gari, na za kutembea hadi mlango wa ofisi, kisha mzirudie zote kwa jioni, ambapo kila moja huongezeka. Dalali akikwambia kwamba kutoka Mlandizi hadi mjini ni saa moja, jua kwamba amepima Jumapili asubuhi, tena kwa gari dogo. Mzazi mmoja kati yenu, yeyote yule, lazima aweze kuwa nyumbani kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Mji usiowezesha hilo nisingepeleka familia huko, hata kama kiwanja kinatolewa bure.

Sasa tuzitazame barabara, kwa kuwa mji wa namna hii ni mkia wa barabara yake.

Kiwanja cha Mlandizi kina sifa moja kubwa ambayo sitaipuuza: mtambo wa maji wa Ruvu Juu upo huko, na mabomba makubwa yanayopeleka maji Dar es Salaam yanaanzia hapo na kupita kwetu Kibaha. Barabara nayo si ile ya zamani, kwa maana kipande cha Kimara hadi Kibaha kimepanuliwa, na tangu mwaka 2016 mtu akifika Kimara anaweza kupanda basi la mwendokasi, lenye njia yake peke yake, hadi Kivukoni. Lakini Barabara ya Morogoro ni mlango wa nchi nzima. Mabasi ya mikoani yanapita hapo, malori ya Zambia na ya Kongo yanapita hapo, na likianguka moja tu, mji wote wa nyuma yake unasimama. Zaidi ya hayo, wewe unafanya kazi Ilala na mwenzako yuko kiwandani Vingunguti. Barabara ya Morogoro ingewafikisha Ubungo au Kariakoo, kisha mngeanza safari ya pili.

Najua utaniuliza habari za treni ya umeme, kwa kuwa dalali huyo ameitaja katika kila sentensi. Ni kweli kwamba safari za SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza Juni 2024, na kwamba kuna vituo vya Pugu, Soga na Ruvu. Nami nimeipanda kwenda Morogoro, nikashukuru Mungu kwa kuniweka hai niione. Hata hivyo, reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya safari ndefu, si kila treni husimama vituo vidogo, na kituo cha Soga hakipo kando ya barabara kuu ambako viwanja vinauzwa. Nauli iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, mwaka ule kati ya Dar es Salaam na Soga ilikuwa shilingi 4,000. Kwenda na kurudi ni 8,000, na kwa siku 22 za kazi ni 176,000 kwa mtu mmoja, kabla ya kumlipa bodaboda wa kumfikisha kituoni. Piga mara mbili, kwa kuwa mko wawili, uone kama unafuu wa kiwanja bado upo.

Kuhusu Bagamoyo sitaandika mengi. Ni mji ninaoupenda, wenye Mji Mkongwe, magofu ya Kaole na chuo cha sanaa, na watoto wangekua wakijua ngoma na historia. Lakini ni karibu kilomita 70 kutoka katikati ya jiji, na njia yake inaingilia Bunju, Tegeta na Mwenge, yaani upande wa kaskazini kabisa, wakati kazi zenu zote mbili ziko upande mwingine. Mwambie mkwe wangu, kwa heshima zote, kwamba bahari ataiona Jumapili. Mtu anayerudi saa tatu usiku haioni bahari hata kama ipo nyuma ya nyumba yake.

Kisarawe nilikuwa nikiidharau. Kwetu sisi wa Barabara ya Morogoro, Kisarawe palikuwa mahali pa kununulia mihogo na machungwa, nusu yake porini. Nilipopata barua yako nikaona si haki kukushauri kwa dharau ya zamani, nikamwomba mdogo wako anipeleke, tukalala huko siku mbili kwa jamaa wa baba yako. Mji upo juu ya vilima, baada ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, na ni kweli kwamba usiku nilijifunika shuka nzito. Kuna hospitali ya wilaya, kuna Minaki kwa watakaofika sekondari, na shida ya maji, iliyokuwa ndiyo sifa mbaya ya mji huo, ilipungua baada ya mradi wa kuleta maji kutoka Kibamba kuzinduliwa mwaka 2020. Niliyemkuta bombani asubuhi, mama mmoja mwenye ndoo mbili, aliniambia kuwa maji yanatoka, ila si kila siku, na kwamba nyumba isiyo na simtanki ni nyumba ya malalamiko. Neno lake nimeliamini kuliko la afisa yeyote, na bei ya tangi muiweke katika hesabu.

Jambo lililonigeuza ni barabara. Kutoka Kisarawe unashuka Pugu, unafika Gongo la Mboto, unashika Barabara ya Nyerere, na kiwanda cha mwenzako kipo kando yake, nawe Ilala upo mbele kidogo. Wote wawili mko kwenye uzi mmoja. Akichelewa mmoja, mwingine anaweza kumsubiri, na mtoto akiugua shuleni, wa Vingunguti anafika kwanza. Ukifika Pugu kuna pia reli: treni ya mjini, ile ambayo watu waliibatiza jina la waziri Mwakyembe ilipoanza mwaka 2012 upande wa Ubungo, baadaye ilipata njia ya Pugu. Chunguzeni ratiba yake ya sasa ninyi wenyewe kituoni. Njia za mwendokasi nazo zimejengwa hadi Gongo la Mboto, lakini katika hesabu zenu msiweke basi ambalo bado hamjalipanda.

Sikufichi kasoro. Kipande cha Pugu hadi Kisarawe kina kona na mteremko, magari hupungua mapema usiku, na anayekosa gari la mwisho hulipa bodaboda fedha ambayo asubuhi ingenunua nyama. Ajira za hapo mjini ni chache, kwa hiyo mmoja wenu akipoteza kazi hatapata nyingine kwa kuvuka barabara. Shule za msingi nendeni mzione wenyewe, siku ya kazi, wakati wa mapumziko, mhesabu matundu ya vyoo na muangalie kama darasa la kwanza wamekaa kwenye madawati au sakafuni. Bango la getini lisiwatoshe.

Kuhusu ardhi nitarudia yale ambayo baba yako angeyasema kwa ukali zaidi. Kiwanja chetu cha kwanza tulikilipia nusu ya bei kwa mtu mwenye kanzu safi na maneno matamu, na baadaye tukagundua kwamba kilikuwa kimeuzwa kwa watu watatu, sisi tukiwa wa pili kwa tarehe. Fedha ile haikurudi. Kwa hiyo anayewauzia akisema kiwanja kimepimwa, mwombeni namba ya kiwanja na ya kitalu, kisha mwenzako aende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, yaani kuhakiki katika kumbukumbu zao nani ndiye mmiliki. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, na muuzaji hawezi kuigawa kwa mdomo wake bila kijiji kuhusika. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji ni shahidi tu, muhuri wake haumpi mtu umiliki. Na msivutiwe na kiwanja kilichobusu lami. Mwaka 2017 niliziona nyumba kati ya Kimara na Kiluvya zikiwekewa alama ya X nyekundu na kubomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, nyingine zikiwa za ghorofa, zenye vigae na geti la umeme.

Ushauri wangu, basi, ni Kisarawe, lakini msinunue kitu mwaka huu. Pangeni nyumba pale kabla ya masika yajayo, muishi miezi ya Machi, Aprili na Mei, muone njia ipi hugeuka korongo, daladala zipi hupotea mvua ikinyesha, na maji hukatika siku ngapi kwa wiki. Kila siku andikeni saa ya kuingia mlangoni, katika daftari, bila kudanganyana. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litawaambia kama mnunue hapo au murudi kupanga Gongo la Mboto au Ukonga, na kurudi huko hakutakuwa aibu yoyote.

Mtanidhania nimemtupa mjukuu wangu wa mwisho, aliyeniahidi kwamba mkihamia Kibaha atalala kwangu kila siku. Mwambie Kibaha na Kisarawe ziko mkoa mmoja, na kwamba bibi yake bado anapanda daladala bila kushikwa mkono. Fedha ya "kushikia kiwanja" aliyowaomba dalali wa Mlandizi msiitoe. Mdogo wako anakuja huko Ijumaa. Nimempa viatu vya mvua vya watoto, vile vilivyosahaulika hapa wakati wa likizo, pamoja na daftari jipya la kurasa mia moja, ambalo ukurasa wa kwanza nimeshauchorea mistari: tarehe, wewe, yeye.

Nisalimie wote.

Ni mimi mama yako,
Kibaha