Uzi wa buibui bila buibui

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Mteja wangu mmoja wa chuo kikuu ananiambia siku hizi uzi wa buibui unatengenezwa na bakteria. Nilimcheka. Buibui wamejaa kila pembe ya banda langu, kwa nini wasifugwe hao? Na bakteria anasokota uzi kwa miguu ipi?

JIBU: Marahaba, fundi. Mteja wako kasema kweli, ila kakupa nusu ya habari.

Buibui hawafugiki, ukiwarundika pamoja hulana. Madagascar kuna waliokamata buibui wa porini zaidi ya milioni moja, wakawavuta uzi na kuwaachia. Kitambaa kimoja, kilichoonyeshwa New York mwaka 2009, kilikula miaka minne. Hebu piga hesabu ya kanzu moja!

Ndiyo maana wataalamu hupandikiza jeni ya uzi, yaani maelekezo ya kuutengeneza, ndani ya E. koli, bakteria ambaye ndugu zake wamo tumboni mwako na mwangu. Analishwa sukari ndani ya tangi, anazaana, anatoa protini, ambayo ndiyo malighafi ya uzi. Protini tu, fundi. Hasokoti chochote.

Shida ni kwamba jeni hiyo ni kama wimbo wenye kiitikio kirefu na beti chache. Bakteria hushindwa kuufikisha mwisho, protini hutoka fupi, na protini fupi huzaa uzi dhaifu. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha KAIST, Korea Kusini, walimwongezea bakteria uwezo wa kushughulikia glisini, kiungo ambacho protini hii inakitaka kwa wingi mno, wakafikisha marudio 96 ya kiitikio hicho. Mwaka 2018 wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliunganisha vipande viwili wakapata marudio 192, na uzi wake ukalingana kwa nguvu na wa buibui.

Kisha kuna kusokota, na hapa ni kwenye fani yako. Ndani ya buibui protini ni majimaji mazito. Ikipita kwenye mfereji unaozidi kuwa mwembamba, asidi hupanda, maji hupungua, nayo huvutwa hadi ikawa uzi. Maabara nyingi zilikuwa zikilazimisha hatua hiyo kwa kemikali kali. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden waliunganisha vipande vya protini za buibui wawili, mmoja wa Afrika na mwingine wa Asia, wakapata protini inayoyeyuka vizuri majini. Waliisukuma kupitia ncha nyembamba ya kioo hadi kwenye maji yenye asidi, ikaganda kuwa uzi. Lita moja ya bakteria ilitosha uzi wa kilometa moja! Lakini ni uzi mwembamba kuliko unywele, na haukufikia uimara wa ule wa buibui mwenyewe.

Kampuni ya AMSilk ya Ujerumani, inayotumia bakteria hao, ilianza kwa kuuza protini ya vipodozi. Hawakukosea, maana krimu haihitaji kusokotwa. Kwa hiyo mtu akikutembezea dukani uzi wa buibui kwa bei ya polista, mwambie aende zake.