Baba alikufa kwa saratani ya ini, nami nina homa ya ini B: nipime jeni?

Ndugu, umeuliza kama ulipie kipimo cha jeni kwa kuwa una homa ya ini B na baba yako alifariki kwa saratani ya ini. Kwa hali yako, fedha hiyo iweke kwenye altrasaundi ya kila miezi 6.

Saratani hii inapojirudia kwenye ukoo, jeni haziko peke yake. Kuna kirusi chenyewe, ambacho mama humwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa. Kuna sumukuvu ya mahindi na karanga zenye ukungu, ambayo waliokula chungu kimoja wameila wote. Kwa mwenye homa ya ini B, kuwa na mzazi au ndugu wa damu aliyeugua saratani ya ini kunatosha kuanza kufuatiliwa, hata kama ini halina makovu.

Jeni inayotajwa sana ni PNPLA3, iliyohusishwa na mafuta ya ini tangu 2008. Majibu yake huandikwa C/C, C/G au G/G, yaani herufi mbili za DNA, moja kutoka kwa kila mzazi. Mwenye G/G amerithi G kwa baba na kwa mama, na ini lake hushindwa kuondoa mafuta vizuri. Lakini mchango wa jeni hii huonekana zaidi kwa wanywaji wa pombe na wenye ini la mafuta. Kwa homa ya ini B ni mdogo. Ukipata C/C usijione umepona. Ukipata G/G, ushauri ni uleule: acha pombe kabisa, punguza uzito uliozidi.

Hapa wengi huchanganya: ripoti ya uvimbe ikisema jeni ya TP53 imebadilika kwenye kodoni 249 (sehemu moja ndogo ya jeni hiyo), hiyo haikurithiwa wala mtoto hatairithi. Ni alama ya sumukuvu, imetokea ndani ya ini.

Kirusi B hujipachika kwenye DNA ya seli za ini, mara nyingi karibu na jeni ya TERT, ile inayoiwezesha seli kuendelea kugawanyika bila kuchoka. Ndiyo maana saratani inaweza kuja hata bila sirosisi, yaani makovu yaliyoenea kwenye ini. Kirusi cha homa ya ini C hakijipachiki. Chenyewe hupitia zaidi kwenye makovu, na aliyepona homa ya ini C akiwa tayari na sirosisi bado anatakiwa kupimwa.

Sasa altrasaundi yenyewe. Nenda ukiwa hujala kwa saa 6 hivi, gesi ya tumbo isizibe picha. Omba na AFP ya damu, protini ambayo saratani ya ini inaweza kuipandisha, ila usiitegemee peke yake, maana uvimbe mdogo mara nyingi hauipandishi. Tunza karatasi zote: AFP ya 5, kisha 9, kisha 16 bado iko chini ya 20, lakini inapanda, na daktari anapaswa kuziona kwa pamoja. Kikionekana kinundu chini ya sentimita 1, altrasaundi hurudiwa baada ya miezi 3 hivi. Kikifika sentimita 1, au AFP ikifika 20, hiyo ni CT au MRI ya ini yenye dawa ya mshipani, ikipigwa kwa awamu, yaani picha kadhaa dawa inavyopita kwenye ini.

Kama umeanzishiwa tenofovir, dawa ya kudhibiti kirusi B, usiiache kwa sababu kirusi hakionekani tena kwenye damu; kikiamka ghafla ini linaweza kufeli. Na altrasaundi haikomi kwa sababu unameza dawa.

Mama na ndugu zako wote wapime HBsAg (kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu ana kirusi B) na kinga. Wasio na kirusi wala kinga wachanjwe dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza.