Fundi akisema AC imekufa, muulize imekufa wapi

Nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Tanga. AC yake ya chumbani haipozi. Fundi kafika, kawasha, kazima, kasema imekufa, anunue nyingine. Sasa ananiuliza anunue ya aina gani. Nikamuuliza: imekufa wapi? Hajui. Fundi hakumwambia.

Mdogo wangu, hapo hujafika kwenye kununua. Hujafika hata kwenye kutengeneza.

Mimi yamenikuta msimu huu wa joto, tena AC mbili kwa pamoja. Tunaishi Mbezi Beach, upande wa chini, upepo wa bahari unaingia mpaka jikoni. Watu wanapatamani huku, hawajui chumvi inavyokula chuma. Ya chumbani ilianza yenyewe: ndani inapuliza hewa isiyo na ubaridi wowote, nje ile mashine inaunguruma kidogo, inakata, inaunguruma tena, inakata. Fundi akaja, akagongagonga kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, kwa bisibisi, akasema, "Mama, kompresa imekufa hii. Hebu nipe namba ya mzee niongee naye."

Namba ya mzee! Mzee yuko Tunduma kikazi, na AC zote humu ndani nimenunua mimi kwa hela ya kikoba. Nikampa nauli yake. Mpaka leo nikiikumbuka ile sauti damu inanichemka, nisiseme uongo.

Nikaita kijana mmoja aliyesomea VETA. Huyu hakusema neno mpaka alipofungua kifuniko cha nje na kutoa mita. Akanionyesha: kompresa nzima, kilichokufa ni kapasita, kile kikopo kinachoipa kompresa nguvu ya kuanza kuzunguka. Joto na umeme wa kupanda na kushuka huviua sana vikopo hivyo. Akabadilisha, ikawaka, chumba kikapoa. Bajaji ya kwenda Kariakoo na kurudi ilikaribia bei ya kifaa chenyewe.

Ya sebuleni ilikuwa habari nyingine. Ni ya zamani, na kila joto likianza tulikuwa tunaimbiwa wimbo ule ule: gesi imepungua, tujaze. Jamani, gesi ya AC haiishi! Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, inavuja. Ukijaza bila kuziba, umemlipa fundi aje tena mwakani.

Safari hii nikamwambia kijana atafute panapovuja. Akavuta kwanza gesi iliyobaki kwenye mtungi wake, akaingiza naitrojeni kwa presha, akapaka povu la sabuni. Kwenye maungio, kimya. Kwenye koili ya nje, yale mabomba membamba yaliyokunjwakunjwa, mapovu yakatoka huku na huku, na vile vibati vyembamba vya aluminiamu vinabomoka ukivigusa kwa kidole. Ungio linalovuja unachomelea, unaendelea na maisha. Koili iliyoliwa na chumvi utaziba hapa leo, Ramadhani utaziba pale.

Halafu soma kibandiko cha mashine ya nje. Kinataja aina ya gesi; yetu iliandikwa R22. Kwa Itifaki ya Montreal, mkataba wa dunia wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 35 kufikia 2020, asilimia 67.5 kufikia 2025, na kuanzia 2030 kibaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine zilizopo. Kuifungia mashine ya namna hiyo koili mpya ni kutia hela kwenye kitu ambacho gesi yake inazidi kuadimika. Na asije mtu akakwambia atajaza R410A, gesi ya aina nyingine, humo humo: presha yake inaizidi ya R22 kwa zaidi ya nusu, na hata oili ya kompresa ni tofauti.

Koili, gesi na ufundi vilipita nusu ya bei ya AC mpya. Hapo sikubishana. Nikanunua ya BTU 12,000, gesi R32, yenye inveta. AC ya kawaida ya ukubwa huo hula karibu kilowati moja kompresa ikizunguka. Isipopumzika usiku kucha kwa saa nane, ni kama uniti nane za LUKU. Ya inveta, chumba kikishapoa, hupunguza mwendo, na LUKU yangu nimeiona tofauti.

Shemeji alipoona moja imetengenezwa na nyingine imebadilishwa, akasema mbele ya wageni kwamba mwanamke akishika hela hajui anataka nini. Nikaenda zangu jikoni.

Akina dada mnaojenga kidogo kidogo, na najua ndio wengi mnaonisoma, simameni pale nje na jua lile lile mwone mita inasoma nini. Muulize kipi kimekufa. Akisema gesi, muulize inavuja wapi. Akisema kompresa, muulize kapasita ameipima? Akinuna, muulize tena. Hela ni yako, na Mungu hakukupa mdomo wa kuagizia chips tu.

Na siku ya kufunga mpya usiende saluni. Hakikisha fundi anatoa hewa kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu. Wapo wanaofungulia gesi kidogo ili isukume hewa nje, wawahi kazi nyingine. Kataa, hasa kwa R32, maana inaweza kushika moto. Mashine ya nje sisi tumeihamishia ukuta wa kulia, usiotazama bahari. Shemeji anasema imeharibu sura ya nyumba.