Alama hupewa mtu baharini

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia: nikutajie alama za mwamba wa babu yako uziweke kwenye simu, nisije nikaondoka nazo. Hujakosea kuuliza. Lakini babu yako alisema, nami nasema, alama hupewa mtu baharini. Si nchi kavu.

Ukitoka Kigombe, kwetu huku Tanga, asubuhi, hewa ikiwa safi, unakilinganisha kilele cha Usambara na ncha ya mikoko, kisha unautazama msikiti mpaka ukae sawa na mnazi. Mistari miwili ikikutana, tupa nanga. Hayo utayaandika. Ila chubwi, ule uzito wa mshipi, ikigusa chini, mkono ndio unaokwambia kama ni mchanga, ni nyasi au ni jiwe. Samaki changu anadonoa. Chewa anameza na kukimbilia pangoni, na usipomzuia mara moja umempoteza pamoja na ndoana. Simu itakuishia juu ya maji.

Yule bwana aliyekaa mbele kwenye ngalawa yetu, aliyekuwa akikuletea halua kila Idi, naye alipewa alama baharini, na babu yako mwenyewe. Hilo linanichoma mpaka leo, maana linaitikisa kauli yangu. Alikula nasi miaka. Kisha akaenda na wenzake na baruti. Tulisikia mshindo tukiwa pwani tunaipaka ngalawa sifa, mafuta ya papa. Babu yako hakuuliza ni wapi. Kesho yake nilipiga mbizi. Matumbawe yamevunjikavunjika kama vigae, samaki wamelala chini, macho yana damu. Wa baruti wengi hawaelei, mwanangu. Huzama wakaoza hukohuko, na aliyewaua haokoti ila wachache.

Alikuwa na watoto, na upepo wa kusi wa mwaka ule ulikuwa mkali, vyombo havitoki. Nalijua hilo. Lakini na sisi tulikuwa na watoto, wewe mmojawapo, mkala mhogo kwa dagaa wa kununua. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inaikataza baruti, ila yeye hakuhitaji sheria. Alikuwa ameushika mshipi juu ya mwamba ule, akawasikia samaki kwa vidole vyake. Alijua anachokipiga. Simwiti mwizi. Neno ninalo mdomoni, na babu yako alinikataza kulitamka, basi silitamki.

Changu wameanza kurudi upande wa kusini, wadogo wadogo. Chewa bado. Matumbawe hayana haraka.

Kwa hiyo njoo, kabla kusi haijaanza kuvuma. Njoo maji mafu, yasipojaa wala kutoka sana, si bamvua, yanapojaa na kutoka kwa nguvu. Bamvua mkondo huuchukua mshipi na hutajifunza kitu. Alama hupewa mtu baharini, hata kama mmoja aliziuza. Simu mwachie mama yako. Na mjukuu wangu mlete, mikono yake imeshatosha kushika kafi.

Baba yako