Barua kwa mwanangu: mfongo, kihamba na swali lako la anakia

Marahaba mwanangu.

Ujumbe wako niliusoma Jumapili baada ya ibada, usiku nikaurudia. Unasema huko chuoni mnasoma waandishi wanaodai kwamba dola yenyewe ni dhuluma. Kwamba watu wakiheshimiana mali zao na kutimiza mapatano yao, utaratibu utakuwepo bila rais, bila polisi, bila kodi. Mwenzako akacheka, akasema nchi ya namna hiyo ipo na inaitwa Somalia. Ukaniuliza: "Mama, wewe uliyefundisha Uraia miaka 28, hii ni falsafa au ni fujo?"

Ni falsafa, mwanangu, na inastahili kujibiwa kwa utulivu. Ndiyo maana sikukupigia simu.

Neno anakia asili yake ni Kigiriki: an ni bila, arkhos ni mtawala. Ukimtajia mtu hapa kijijini atafikiri unasema vurugu, na wenye fikra hii hawajawahi kudai vurugu. Wamegawanyika nyumba mbili, nawe hukuniambia mnasoma ipi, ila kwa maneno yako nadhani ni ya pili. Ya kwanza ni ya Proudhon, Mfaransa, aliyejiita mwanaanakia hadharani mwaka 1840 na kuandika kwamba mali ni wizi. Alikuwa anamsema mwenye kumiliki anayekula jasho la mpangaji. Mkulima na shamba lake dogo hakumgusa, na baadaye aliandika kwamba mali ni uhuru, maana mwenye chake anaweza kuikatalia dola. Nyumba ya pili ilianza na Gustave de Molinari, Mbelgiji. Mwaka 1849 aliuliza: kama bidhaa nyingine zote tunazipata vizuri kwa watu wanaoshindana kutuuzia, kwa nini ulinzi pekee uwe mikononi mwa mmoja? Murray Rothbard wa Marekani akaifikisha hoja hiyo mwisho wake. Mwili wako ni wako. Ardhi isiyo na mwenyewe ukiitolea jasho ni yako, uiuze, uigawe, uirithishe. Anayechukua chako bila ridhaa yako ni mwizi hata kama ana muhuri. Habari ya jasho waliitoa kwa John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, aliyeiandika mwaka 1689, ingawa Locke mwenyewe alitaka serikali iwepo ili kuilinda mali hiyo.

Hoja ya jasho mimi niliikuta kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili wa maji, kabla sijajua kusoma. Wewe umekua maji ya bomba yameshafika, kwa hiyo acha nikueleze. Mfongo wetu unachepuka mtoni juu kabisa, karibu na msitu, unapita ubavuni mwa kilima karibu mwendo wa saa nzima kwa miguu kabla ya kufika kihamba cha kwanza, yaani shamba la ukoo. Hakuna mhandisi aliyeuchora. Aliupima babu wa ukoo mmoja kwa macho na kwa kuyafuata maji, watu wakamsaidia kuchimba, na kwa jasho hilo ukoo wake ukaitwa wenye mfongo. Charles New, mmisionari Mwingereza, alipofika huku mwaka 1871 aliikuta mifongo ya Uchaggani inatiririka tayari.

Siku ya kusafisha, mzee wa mfongo alipita njiani alfajiri akiita. Kila nyumba iliyotumia maji yale ilitoa mtu na jembe au panga. Isiyotoa ilidaiwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na isipolipa, zamu yake ya maji ilirukwa. Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, kahawa imeanza kukunja majani, baba yangu aliamkia zamu yake akakuta mfereji mkavu. Akapanda taratibu akiufuata, mimi nyuma yake. Tulipofika juu tukakuta gome la mgomba limekunjwa na kushindiliwa kwa udongo, maji yote yanaingia kwenye kihamba cha jirani ambaye zamu yake ilikuwa kesho. Baba hakuligusa lile gome. Alimwita kwanza jirani mwingine aje aone kwa macho yake, ndipo akalitoa, na maji yakashuka na povu la udongo mpaka kwetu. Jioni wazee wakakaa. Yule bwana alikiri, akatoa mbege, na kata ya kwanza akapewa baba. Kesho yake walisalimiana njiani kama kawaida. Hakuna askari aliyeitwa, na mpaka leo sijasikia mtoto wao akigombana na mmoja wetu.

Ndiyo maana siwezi kumwunga mkono rafiki yako anayecheka. Haki ya aliyetangulia kutoa jasho, zamu, mashahidi, faini, upatanisho: vyote vilikuwepo, na viliendeshwa na watu wanaofikiana kwa miguu. Ila tusijidanganye kwamba Wachagga hatukuwa na watawala. Wamangi walikuwepo, wengine wakali, wakiwatumikisha watu kazi za bure, mpaka uchifu ulipofutwa mwaka 1963. Mfongo uliishi chini yao na ukaishi baada yao.

Serikali ilipokuja na sheria zake haikuwa mpole kwa utaratibu huo. Sheria ya maji ya mwaka 1974 ilitamka kwamba maji yote nchini ni ya Jamhuri, na anayetaka kuyatumia kwa mfereji aombe haki. Mzee akaambiwa aombe karatasi kwa maji yaliyoletwa na babu yake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zinasema ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini. Na yapo makubwa kuliko karatasi. Ujamaa vijijini ulipotangazwa mwaka 1967 ulikuwa wa hiari. Mwalimu mwenyewe alisisitiza kwamba watu hawawezi kuendelezwa, wanajiendeleza. Novemba 1973 ikawa amri, na mamilioni wakahamishwa kabla ya mwaka 1976 kwisha. Marehemu bibi yako mzaa baba, kule Singida, alituhadithia namna paa lake lilivyoshushwa mtama ukiwa bado shambani, na kila alipofika hapo alinyamaza kidogo, akashika kingo ya kitenge chake. Anayesema dola haiwezi kuwa mnyang'anyi hajakaa na bibi yako.

Sasa nikwambie kinachonifanya nisihamie nyumba ya Rothbard na virago vyangu vyote.

Siku ile ya gome la mgomba nilimfuata baba kwa sababu palikuwa katikati ya njia. Kule mtoni, mahali mfongo unapochepuka, sijawahi kufika nikiwa mtoto. Mwanamke hakuruhusiwa. Siku za kusafisha tulipeleka chakula cha kiburu kwenye ungo, tukasimama chini ya mti fulani mkubwa, wanaume wakashuka kukichukua. Tuliyanywa maji, tukayabeba, tukayapikia, lakini pale yanapogawiwa hatukuwa na neno. Wala si maji tu. Kihamba nacho kilikwenda kwa wana wa kiume. Utaratibu ule haukuwa na polisi, na bado ulinifungia mlango.

Nilipokuwa mwalimu kijana ilisikika kesi ya mwanamke mmoja wa Kihaya. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kudai mauzo yavunjwe, kwa kuwa kimila mwanamke wa Kihaya hauzi ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikampa haki huyo kijana. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo ndani ya Katiba. Mwanamke anauza kama mwanamume anavyouza. Fikiria jambo hilo, mwanangu. Haki ya mali ambayo waandishi wako wanaipenda kuliko vyote, mama yule hakupewa na mapatano ya majirani. Alipewa na jaji anayelipwa kwa kodi.

Najua watanijibu kwamba ukoo ule haukuwa wa hiari. Mama yule hakuukubali kwa saini, alizaliwa ndani yake. Jibu hilo lina uzito. Lakini mfongo nao haukuwa wa hiari kwa maana hiyo, wala xeer, sheria ya mapatano ya Wasomali, wala karibu kila mfano wanaoutoa. Watu hawaingii kwenye jamii kama wanavyoingia dukani.

Na kuhusu Somalia, mwenzako amekurupuka. Hiyo xeer yao ni mapatano kati ya ukoo na ukoo, ya kale kuliko dola yao. Mtu akiua, ukoo wake hulipa fidia, kwa desturi ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, kwa hiyo kila ukoo una sababu ya kuwashika vijana wake. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 palitokea vita na njaa, hilo halifichiki. Lakini hata hivyo hawala, mtandao wa mawakala wa kutuma pesa, iliendelea kusafirisha pesa kwa kuaminiana, na kampuni za simu zikajengwa na kuenea pasipo wizara ya kuzisimamia. Hayo yalifanywa na watu wenye utaratibu.

Ila waulize Wazigua. Katika karne ya 19 watu wengi walichukuliwa utumwani kutoka kwetu huku, wakauzwa Somalia. Baadhi walitoroka wakafika Bonde la Juba, wakafyeka msitu, wakalima mahindi. Kwa hoja ya Locke hakuna mwenye haki kuwashinda: ardhi haikuwa na mtu, jasho lilikuwa lao. Walichokosa ni ukoo wenye nguvu wa kuwadaia fidia. Dola ilipoanguka wanamgambo wakawavamia, wakawapora chakula na kuwafukuza mashambani. Wengi walikimbilia kambi za Kenya, na kutoka huko maelfu wakapelekwa Marekani. Wengine walirudi Tanzania, bado wanasema Kizigua baada ya vizazi vyote hivyo, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye baadhi yao uraia. Walipokelewa na dola ile ile iliyoshusha paa la bibi yako.

Waandishi wako wakikuambia kwamba asiye na ukoo atanunua ulinzi sokoni, waulize atalipa kwa kitu gani, ikiwa shamba ndilo mali yake yote na ndilo limechukuliwa. Hapo ndipo mimi ninaposimama. Mahali watu wanapojuana kwa majina, waachiwe mfongo wao, mipaka yao, faini zao, na serikali isiwavamie kwa karatasi. Lakini awepo mtu nje ya ukoo wa kumkimbilia, mwenye uwezo wa kuuambia ukoo hapana. Na huyo naye awekewe watu wa kumwambia hapana, maana mwaka 1973 hatukuwa nao wa kutosha. Ukiniita mwanaanakia nusu sitakasirika.

Sasa jambo la nyumbani, ambalo barua hii ningeiandika hata kama usingeuliza. Baba yako na mimi tumeamua kipande cha chini, kuanzia mparachichi mpaka kwenye mfereji, kiwe chako. Kaka yako amekubali bila kusitasita. Baba yako mdogo mmoja hajapendezwa, anasema binti huolewa na ardhi ikamfuata mume. Nimemwandalia mtori mara mbili, tumezungumza kwa upole, atakuja.

Ukifika Desemba, usipange safari nyingine tarehe 27. Wazee wa ukoo watakuwepo, na majirani watatu tunaopakana nao nimeshawaambia. Masale ya kupanda mpakani nimeyakata wiki iliyopita, nimeyasimamisha kwenye ndoo ya maji nyuma ya jiko, na yameanza kutoa mizizi myeupe. Utayapanda kwa mkono wako mwenyewe, wao wakiangalia. Tarehe ambayo ofisi ya kijiji itafunguliwa tutakwenda na baba yako kuandikisha, kwa hiyo beba kitambulisho chako cha taifa, na nakala yake mbili, maana mashine yao ya kurudufu mara nyingi haina wino. Viatu vya matope vya kaka yako vitakutosha. Siku inayofuata ni zamu yetu kusafisha mfongo, na siku hizi tunapanda wote mpaka juu.

Mama yako.