Kwa mnaoanza sanaa na mnataka kuigusa sayansi

Wadogo zangu, wengi wenu mnaniuliza mchore nini ili kazi ionekane ina sayansi ndani yake. Kisha naona turubai zenye nyaya, roboti na nyota, na aliyechora hawezi kunieleza hata kimoja kati ya hivyo kinavyofanya kazi. Ushauri wangu ni kuanzia upande wa pili. Chukua jambo ambalo jicho lako linahangaika nalo kila siku, umtafute anayelipima, ukae naye. Kwa mchoraji jambo hilo ni rangi, na kwa sisi wa Mwanza pa kujifunzia ni Ziwa Victoria.

Mimi nilishikwa na furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Kwenye Ghuba ya Mwanza wapo furu wa aina mbili walio karibu sana kiukoo. Dume la Pundamilia pundamilia ni la buluu. Dume la Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Majike wao wamepauka na wanafanana, lakini wao ndio wanaochagua, na rangi ya dume ina uzito mkubwa katika uchaguzi huo. Mwaka 1997 mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao: penye maji maangavu aina hizi huishi jirani bila kuchanganyika, ila maji yakichafuka kwa tope na mwani, rangi zinafifia na mpaka kati yao unafutika. Walipowawekea majike mwanga wa rangi ya machungwa unaoficha tofauti ya buluu na nyekundu, majike waliacha kubagua. Yaani maji yakiharibika mwanga, aina ya samaki inaweza kupotea. Sijawahi kusoma habari iliyonipa sababu nzito kuliko hiyo ya kujali rangi.

Basi nendeni mkapime. Kifaa cha kwanza mnaweza kukitengeneza wenyewe: sahani ya Secchi, ya kupimia uangavu wa maji, iliyotokana na majaribio ya padri mwanaastronomia Angelo Secchi huko Italia mwaka 1865. Kata duara la upana wa sentimita 20 kutoka kwenye kifuniko cha ndoo, ligawe robo nne, paka nyeusi na nyeupe kwa kupishana, funga jiwe chini yake na kamba katikati. Piga fundo kila sentimita 10. Ishushe upande wa mtumbwi wenye kivuli, maana mng'ao wa jua hudanganya, usome fundo pale sahani inapopotea machoni. Fanya hivyo karibu na mwalo, kisha mbali na ufuko, uone namba zinavyotofautiana. Kila unapopima, changanya rangi ya maji yale papo hapo kwenye daftari na uandike kina pembeni. Daftari la namna hiyo lina thamani kuliko picha mia za machweo pale kwenye mwamba wa Bismarck.

Hapo mtagundua jambo ambalo watu wengi hukosea. Katika bahari yenye maji safi, nyekundu ndiyo hutangulia kupotea kadiri unavyoshuka. Ziwani kwetu buluu humezwa mapema, na mwanga unaobaki chini huelekea machungwa. Anayejaza buluu kwenye kina cha Ziwa Victoria amechora Bahari ya Hindi.

Simu itumieni, lakini msiiamini rangi zake. Kamera hujirekebishia weupe yenyewe na kukupa ziwa ambalo hukuliona. Zima marekebisho hayo ya kiotomatiki, na weka karatasi nyeupe ndani ya kila picha ili uwe na cha kulinganishia. Na furu akitolewa majini, wahi. Ule wekundu wa mgongoni hufifia ukiwa unamtazama, na akishatiwa kwenye dawa ya kuhifadhia hupoteza rangi zake ang'avu. Ndiyo maana mkono unaoweza kunasa rangi upesi bado una kazi mbele ya mtafiti.

Kuhusu teknolojia nina machache, kwa sababu vifaa hubadilika haraka. Taa ndogo za LED za machungwa na betri zilinitosha. Nilichora madume mawili, jekundu na la buluu, nikayaangaza kwa taa hizo. Buluu iligeuka karibu nyeusi, nyekundu ikabaki ang'avu, kwa hiyo ilibidi niongeze nyeupe kwenye buluu kidogo kidogo mpaka samaki wote wawili wakalingana chini ya taa. Ukizima na kufungua dirisha, kila mmoja anarudi na rangi yake. Kazi hiyo ilinifunza mwanga na giza kuliko zoezi lolote la darasani.

Mwisho, watu. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa Mwanza. Andikeni barua ya kuomba kibali mapema, mwende na swali moja lililokomaa, na muwaachie nakala za michoro. Mwaloni msalimie wazee kwanza, ombeni ruhusa kabla ya kutoa simu, na kama mnaingia kwenye mtumbwi wa mtu, changieni mafuta. Wavuvi wa dagaa wamefanya kazi na mwanga usiku tangu enzi za karabai hadi hizi taa za sola. Waulizeni wanaziwekaje taa zao, na kwa nini mbalamwezi inawanyima samaki.