Batiki ni ya Wajava, lakini tusikimbilie kulaani mashine

Wiki hii mmeuliza kama sanaa iliyochukua mengi kwa wageni, mfano batiki ya Java, kisiwa cha Indonesia, ambayo huchorwa kwa nta ili rangi isishike hapo, bado ni ya wenyewe. Nilisoma Yogyakarta, mji wa kisiwani humo, na swali limenichoma. Ni yao! Katika miji ya pwani ya Java, mapambo ya mawingu ya Cirebon, mega mendung, yana asili ya Uchina, pambo la jlamprang la Pekalongan linaiga hariri ya Kihindi, na mashada ya maua yaliingizwa na mabibi wa Kiholanzi wenye karakana. Hata hivyo, aliyeshika canting, kalamu ya shaba ya kuchorea nta, alikuwa mwanamke wa Java.

Kwangu mimi, mwenye kitu ni yule anayejua kinavaliwa lini. Siku moja nilikuwa Beringharjo, soko lililo karibu na kasri ya Sultani, kwenye kibanda cha mama mmoja mtu mzima. Akaja mteja anayemwoza mwanawe, akachagua parang, batiki ile ya mistari ya mshazari ambayo zamani ilikuwa ya watu wa kasri tu. Walishapatana bei. Mama akamtoa kitambaa mikononi taratibu: “Hii si ya harusi, Ibu (yaani mama). Italeta ugomvi.” Akapanda kigoda, akashusha truntum, vinyota vidogo juu ya weusi, vazi la wazazi wa maharusi. Akaigeuza aone rangi ilivyopenya upande wa pili. Akamnusisha, harufu ya nta ilikuwa bado imo, ishara kwamba ni kazi ya mkono. Aliposikia bei, mteja akanyamaza. Basi mama akainama, akatoa truntum ya kiwandani, nyuma imepauka, akasema wazi kuwa ni ya mashine. Mteja akaichukua, akashukuru sana.

UNESCO mwaka 2009 iliorodhesha batiki ya mkono katika urithi wa utamaduni, na nilikusudia kuandika kwamba nguo ya mashine ni wizi mtupu. Lakini vitenge vyetu je? Chanzo chake ni viwanda vya Uholanzi vya karne ya 19 vilivyoiga batiki ya Java, nasi tunavivaa harusini bila kuulizwa ni vya nani.

Kwa hiyo ile truntum ya mashine naihesabu kuwa ya Java, maana yule mama alijua anamvisha nani na kwa nini. Mradi tu muuzaji aseme kweli, na fundi anayekaa miezi juu ya kitambaa kimoja asilipwe kwa kupimwa na bei ya kiwanda. Masharti hayo mawili si madogo: kuna wauzaji wengi sokoni humo ambao hawakigeuzi kitambaa mpaka uwaombe.